Ala za Kompyuta kwa Muziki wa House: Namna ya Kuchagua Tano Zitakazokufanyia Kazi Nyumbani

Maprodyuza wengi wa nyumbani wanakwama mahali pamoja. Folda ya plagini, yaani programu ndogo zinazofunguka ndani ya programu ya studio, imejaa, laptopu inakwaruza kila wimbo ukifika sehemu ya kuchangamka, na nyimbo zilizokamilika zinahesabika kwa vidole. Ukiwauliza kinachokosekana, wanakutajia sinthi nyingine, yaani ala ya kompyuta inayounda sauti, wanayotaka kuipakua.

Mara nyingi tatizo ni utaratibu wa kuchagua. Plagini inapakuliwa kwa sababu jina lake limetajwa kwenye video, halafu ndipo mwenyewe anaitafutia kazi. Hapa tunaanza na kazi, tunafuata uwezo wa mashine, jina linakuja mwisho. Mfano tutakaoutumia ni house ya mapigo 120 kwa dakika. Anayetengeneza amapiano au singeli atakuta ya kwake njiani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta ya biti 64 yenye RAM ya GB 8 na nafasi tupu ya GB 20 hivi. Ya GB 4 itakwenda, ila sahau ala kubwa za sampuli, yaani zinazotumia sauti zilizorekodiwa.
- Programu moja ya studio: FL Studio, Ableton Live, Reaper, Waveform Free, au GarageBand kwa wenye Mac. Moja tu, ile unayoijua.
- Hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti: unabonyeza noti, unaisikia baadaye, halafu unailaumu plagini bure.
- Simu ya kawaida, kwa ajili ya kusikiliza besi kupitia spika yake ndogo.
- Wimbo mmoja wa house uliokwisha kutoka, wenye sauti safi, uwe kipimo chako.
- Daftari na kalamu.

Kibodi ya MIDI, yaani kinanda kinachochomekwa kwenye kompyuta, si lazima. Herufi za kompyuta hupiga noti katika programu nyingi za studio, na noti nyingine utazichora kwa mausi.

## Hatua ya 1: Iweke mashine sawa kwanza

Ukianza kujaribu plagini kwenye kompyuta ambayo haijapangwa, utazitupa nzuri kwa kosa lisilo lao.

Kwenye Windows, fungua mipangilio ya sauti ndani ya programu ya studio na uchague draiva ya ASIO, inayopunguza kuchelewa kwa sauti. FL Studio huja na yake. Kwa programu nyingine, kama huna kadi ya sauti ya nje, ASIO4ALL ni ya bure na inatosha. Mac haihitaji nyongeza yoyote.

Kisha panga bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta huandaa kabla ya kuitoa. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 256 inachelewesha sauti kwa takriban milisekunde 6, ya 512 kwa milisekunde 12, na ya 1024 kwa milisekunde 23. Unapopiga noti kwa mkono tumia 256. Unapochanganya wimbo wenye ala nyingi panda hadi 1024, kwa sababu wakati huo hupigi chochote na ucheleweshaji hauna madhara.

Chomeka chaja na uiweke Windows kwenye hali ya nguvu ya juu kabisa. Laptopu nyingi zikitumia betri hupunguza kasi ya prosesa, na sauti huanza kukatika. Umeme ukizimika katikati ya jaribio, simamisha jaribio. Majibu utakayopata hapo si ya kweli.

Utajua umefaulu pale mradi wenye traki nane za ngoma tupu utakapocheza dakika tano bila mkwaruzo hata mmoja.

## Hatua ya 2: Andika kazi, usiandike majina

Sikiliza wimbo wako wa kipimo na uandike kila sauti inafanya nini. Usijaribu kubahatisha ni sinthi gani imetumika. Kwa house ya kawaida utapata orodha inayokaribia hii:

1. Kiki (ngoma nzito ya chini), kofi na hai-hati (matoazi): mdundo wenyewe.
2. Besi: noti moja kwa wakati, fupi, inayojibizana na kiki.
3. Kodi: noti tatu au nne zinazopigwa pamoja, kwa sauti ya piano, ogani au kinanda cha umeme.
4. Melodi au riffu: ile sauti ambayo mtu anaimba akitoka ukumbini.
5. Anga: sauti ndefu nyuma, pamoja na ile mivumo ya kupanda kabla ya mdundo kurudi.

Kazi tano, nafasi tano. Kila plagini itakayoingia kwenye kompyuta yako lazima ijaze nafasi mojawapo, na ikiingia ya pili kwa nafasi ileile, ya kwanza inatoka. Sheria hii inaudhi mwanzoni, lakini bila hiyo hatua zinazofuata hazina maana.

Kwa singeli orodha inabadilika. Kwenye mapigo 220 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 273 tu, ilhali kwenye 120 huchukua milisekunde 500. Sauti ya anga inayochukua sekunde kuchanua haipati nafasi ya kusikika, na mkia mrefu wa noti unamezwa na noti inayofuata. Huko weka nguvu kwenye sampla, yaani ala inayocheza vipande vya sauti vilivyorekodiwa, na sinthi nyepesi zenye sauti fupi, na nafasi ya anga iachie milio na vipande vya sauti vilivyokatwa.

## Hatua ya 3: Kagua ulichonacho tayari

Kabla ya kutumia bando, fungua orodha ya ala zilizokuja na programu yako.

Kwa ngoma hakuna sababu ya kutafuta plagini. Programu nyingi za studio zina sampla. Kiki nzuri ya WAV (faili la sauti) ndani ya sampla hiyo itaishinda plagini ya ngoma ya bei mbaya yenye kiki isiyofaa. Nafasi ya kwanza imeshajaa bila kupakua kitu.

Wenye FL Studio wana 3xOsc, sinthi ya mawimbi matatu, nyepesi kiasi kwamba unaweza kuifungua mara kumi na kompyuta isijali. Ina besi ya house ndani yake. Wana pia FLEX, inayocheza priseti, yaani sauti zilizopangwa tayari, na Fruity DX10, sinthi ndogo ya FM ambayo watu waliidharau mpaka amapiano ilipoifanya kuwa chanzo cha ile besi yake ya mgogoto, log drum. Kabla ya kununua pakiti ya log drum, fungua DX10 na usikilize priseti zake.

Onyo kwa wanaotumia FL Studio ya majaribio. Toleo hilo linakuruhusu kuhifadhi mradi, lakini halikuruhusu kuufungua tena mpaka ununue leseni. Ukifanya majaribio humo, toa kila traki kama faili la WAV kabla ya kufunga.

Utajua umefaulu ukiwa umeandika daftarini, mbele ya kila kazi, ama jina la ala uliyonayo ama neno "haipo". Wengi hubakiwa na "haipo" mbili au tatu.

## Hatua ya 4: Linganisha aina ya sinthi na kazi

Majina ni mamia, ila aina ni chache. Ukizijua, utaweza kuipima sinthi yoyote mpya kwa dakika kumi.

### Sinthi za kuchuja: besi na kodi nzito

Hizi huanza na wimbi tajiri, kama la msumeno au la mraba, kisha filta inakata sehemu za juu. Ndizo rahisi kuelewa na ndizo nyepesi zaidi kwa prosesa. TAL-NoiseMaker ni ya bure, ndogo, na inatosha kabisa kwa nafasi ya besi.

Ijaribu kwa besi hii. Osileta (kitoa wimbi) ya kwanza iwe wimbi la msumeno, ya pili iwe wimbi laini la sine, oktavu moja chini. Weka hali ya mono, ili noti mbili zisigongane. Filta ya kupitisha sauti za chini iwe karibu Hz 300. Envelopu ya filta, yaani mwendo wake noti inapolia, ianze papo hapo na ishuke ndani ya milisekunde 200. Piga noti ya La (A) ya chini, Hz 55. Ikiwa sauti inagonga kisha inanyamaza kwa usafi, sinthi imefaulu.

Nyepesi si sifa ya zote za aina hii. Diva ya kampuni ya u-he, kwa mfano, inasifiwa kwa kuiga saketi za sinthi za zamani, na inakula prosesa kweli kweli. Kwenye laptopu ya kawaida utaishia kuishusha kwenye ubora wa chini kabisa wakati wa kutunga. Ni sinthi nzuri, ila mtu mwenye GB 8 na prosesa ya miaka mingi asianze nayo.

### Sinthi za FM: ogani, kengele, kinanda cha umeme

Hapa wimbi moja linatikisa jingine, na matokeo yake ni sauti zenye mng'ao wa chuma au kioo. Besi za ogani za house ya zamani na vinanda vya umeme vyenye ncha kali vinatoka huku.

Dexed ni ya bure. Inaiga Yamaha DX7, ina operata 6, yaani vitoa mawimbi, na mipangilio 32 ya kuviunganisha, na inasoma faili za sauti za DX7 halisi, ambazo kila moja hubeba sauti 32. Usianze kuitengenezea sauti kutoka sifuri. FM ni ngumu kuitabiri kwa sikio, na siku nzima itaisha ukitengeneza kelele. Chagua priseti iliyo karibu na unachotaka, fupisha mkia wake, kisha songa mbele.

### Sinthi za majedwali ya mawimbi: melodi, anga, mivumo

Hizi zina safu ya mawimbi mengi, na sauti inasafiri kutoka wimbi moja hadi jingine wakati noti inalia. Ndiyo maana zinafaa kwa sauti zinazobadilika.

Kwa nafasi hii watu hugombana kuhusu Vital, Surge XT na Serum. Hukumu yetu: anza na Vital. Toleo la bure lina injini ileile ya matoleo ya kulipia. Kinachopungua ni idadi ya priseti na majedwali. Ukiburuta kidhibiti hadi kwenye kitufe unaona kwa macho kinachotikisika, na anayejifunza anaelewa haraka. Kasoro yake ni kwamba picha zake zinategemea kadi ya picha, kwa hiyo kwenye kompyuta kongwe dirisha lake linaweza kusita. Lifunge ukimaliza kurekebisha.

Surge XT ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ina zaidi ya priseti elfu mbili. Sura yake haivutii. Lakini inafaa sana kwa nafasi ya anga, na huenda ukafuta plagini nyingine tatu baada ya kuzoea menyu zake.

Serum ya Xfer Records ilitoka mwaka 2014 na ni ya kulipia. Sababu ya maana ya kuinunua ni kwamba mafunzo na pakiti nyingi za sauti zimetengenezwa kwa ajili yake, na priseti za Serum hazifunguki ndani ya Vital. Kama hufuati mafunzo hayo wala hununui pakiti hizo, sababu hiyo haikuhusu.

### Ala za sampuli: piano ya kweli na sauti za asili

Piano ya house inahitaji kugonga, haihitaji uzuri wa ukumbi wa tamasha. Maktaba ya piano yenye GB kadhaa, iliyorekodiwa kwa maikrofoni nyingi, itakula bando na RAM halafu ipotee nyuma ya kiki. Tafuta ndogo, yenye sauti kavu na angavu. Piano iliyokuja na programu yako mara nyingi ndiyo hiyo.

## Hatua ya 5: Pakua umbo sahihi, kutoka kwa mwenyewe

Hapa ndipo wengi hukwama kwa mambo madogo.

Kwenye Windows chagua VST3 (umbo la kawaida la plagini) ya biti 64, na uiache ikae kwenye folda yake ya kawaida, `C:\Program Files\Common Files\VST3`. Ukiihamishia kwenye folda uliyojiundia, huenda programu ya studio isiione. GarageBand na Logic Pro hazisomi VST kabisa. Zinahitaji umbo la AU, la Mac. LMMS toleo la 1.2 inasoma VST za kizazi cha pili tu, na plagini nyingi mpya haziji tena kwa umbo hilo. Ukitumia LMMS, hakiki jambo hili kabla ya kupakua.

Kisakinishi kikikupa orodha ya maumbo, toa alama kwenye AAX. Hilo ni la Pro Tools, programu nyingine ya studio.

Baada ya kusakinisha, iambie programu itafute upya. Kwenye FL Studio nenda Options, kisha Manage plugins, halafu bonyeza kitufe cha kutafuta.

Onyo: plagini zilizovunjwa leseni. Tuache maadili kando, tuseme ufundi. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza programu hasidi iliyoitwa LoudMiner, iliyosambazwa ndani ya nakala za wizi za programu za muziki, kwa Windows na Mac. Ilikuwa inachimba sarafu ya Monero kwa siri. Werevu wake ulikuwa mahali ilipojificha: mtu wa muziki amezoea kuona prosesa ikichemka, kwa hiyo hashtuki. Ukikuta laptopu inapiga feni hata programu ya studio ikiwa imefungwa, na uliwahi kusakinisha plagini kutoka mahali pa mashaka, anza uchunguzi hapo.

Onyo la pili: leseni zinazohitaji intaneti. Kabla ya kulipa, soma namna plagini inavyothibitisha leseni. iLok Cloud, mfumo mmoja wa leseni, inahitaji muunganisho wa intaneti muda wote unapofanya kazi, ilhali plagini nyingine huuliza mara moja tu wakati wa kusakinisha. Anayefanya kazi kwa bando la siku achague za aina ya pili.

Hifadhi visakinishi na namba za leseni kwenye diski ya nje. Kompyuta ikifa, utashukuru.

## Hatua ya 6: Mtihani wa baa nane

Hii ndiyo hatua inayoamua. Usisikilize plagini ikiwa peke yake. Kila priseti iliyotengenezwa kuuzwa inasikika kubwa ikiwa peke yake.

Tengeneza mradi mmoja wa mtihani na uutumie kwa kila plagini:

- Mapigo 120. Baa moja, yaani mapigo manne, ni sekunde 2, kwa hiyo baa nane ni sekunde 16.
- Kiki kwenye kila pigo, kofi kwenye la pili na la nne, hai-hati katikati ya mapigo.
- Besi kati ya kiki na kiki, ikifuata mzizi wa kodi.
- Kodi nne: Am7, Fmaj7, Cmaj7, G. Kila moja baa mbili.
- Wimbo wako wa kipimo kwenye traki ya pembeni, umeshushwa sauti ulingane na mradi.

Sasa weka plagini kwenye nafasi yake na uipitishe kwenye majaribio haya.

Uzito. Nakili traki ya plagini mara mbili, tatu, nne, zote zikicheza, mpaka sauti ianze kukwaruza. Andika idadi. Plagini inayokwama kwenye nakala ya pili haifai kwa kazi ya kila siku kwenye mashine hiyo, hata ikiwa tamu namna gani.

Kabla hujaikataa, fanya hesabu. Kodi ya noti 4, osileta 2, na yunisoni (nakala za wimbi zinazolia pamoja) ya sauti 8 kwa kila osileta: hayo ni mawimbi 64 kwa wakati mmoja. Mkia wa noti ukiwa sekunde 3, kodi iliyopita bado inalia wakati mpya inaingia, na unafika 128. Shusha yunisoni hadi 3 na mkia hadi nusu sekunde, halafu pima tena. Angalia pia kipengele cha ubora wa ndani, ambacho Vital, kwa mfano, inacho kwa ngazi za mara 1, 2, 4 na 8. Tunga kwa ngazi ya chini, pandisha wakati wa kutoa faili la mwisho.

Ukavu. Zima mwangwi na rivabu (mvumo wa chumba) zote ndani ya priseti. Kinachobaki ndicho sinthi yenyewe. Ukizima madoido na sauti ikageuka mlio mwembamba wa redio, ulichokipenda kilikuwa rivabu, na rivabu unayo tayari.

Sauti sawa. Kabla ya kulinganisha plagini mbili, zisawazishe kwa fada (vitelezi vya sauti) zisikike kwa nguvu moja. Sikio huichagua iliyo juu, hata kwa tofauti ya desibeli 2 tu. Ushindi mwingi wa plagini za bei umepatikana hapa.

Simu. Toa baa nane kama faili, zichezeshe kwenye spika ya simu. Noti ya Hz 55 haitasikika humo, na hilo si kosa la sinthi. Swali ni kama besi bado inafuatika. Isipofuatika, inakosa mawimbi ya juu yake: ongeza msumeno kidogo, fungua filta, au ipitishe kwenye kikwaruzo chepesi (distortion). Sinthi ambayo haikuruhusu kufanya hata kimoja kati ya hivyo haifai kwa besi.

Mono. Badilisha mradi uwe mono kwa muda, yaani sauti ya kushoto na ya kulia ziwe moja. Kodi pana za yunisoni zikipotea karibu zote, punguza upana. Spika nyingi za baa na kumbi ndogo zinacheza mono.

Kumbukumbu. Hifadhi, funga programu, fungua tena. Sauti lazima irudi ileile. Plagini inayorudi na priseti ya mwanzo, au inayofunga programu nzima, inatoka siku hiyohiyo.

Robo saa. Anza na priseti tupu na ujaribu kutengeneza sauti moja ya nafasi hiyo ndani ya dakika 15. Ukishindwa, pengine sinthi ni nzuri lakini haikubaliani na wewe. Dexed imesamehewa jaribio hili.

Andika alama daftarini: idadi ya nakala, ndiyo au hapana kwa kila jaribio. Usiandike "tamu" wala "nzito". Maneno hayo kesho hayatakuambia kitu.

## Hatua ya 7: Futa, kisha jenga folda yako

Ondoa kila iliyoshindwa kwa kisakinishi chake, kisha iambie programu itafute upya ili majina mafu yatoke kwenye orodha.

Kwa zile tano zilizobaki, fungua folda ya priseti zako binafsi kwenye kila moja. Hifadhi humo sauti kumi tu kwa kuanzia, ukizipa majina ya kazi: "besi fupi kavu", "ogani ya kodi", "mvumo wa baa 8". Ukirudi baada ya mwezi, jina kama "Galaxy 04" halitakukumbusha chochote.

Seti inayofanya kazi kwa laptopu ya kawaida, bila kulipa zaidi ya programu ya studio, ni hii: sampla iliyokuja na programu kwa ngoma, TAL-NoiseMaker au 3xOsc kwa besi, Dexed au piano ndogo ya sampuli kwa kodi, Vital kwa melodi, Surge XT kwa anga.

## Hatua ya 8: Lini ununue

Nunua pale tu unapoweza kumaliza sentensi hii kwa kitu mahususi: "Nimeshindwa kupata … kwa ala nilizonazo." Kama jibu ni "ubora wa kitaalamu", usinunue. Kama ni "besi ya log drum inayobadilika kwa nguvu ya kidole", hapo una cha kutafuta.

Pakua toleo la majaribio kwanza na ulipitishe kwenye baa nane zilezile. Subiri punguzo la Novemba, maana kampuni nyingi za plagini hushusha bei wakati huo. Soma sera ya matoleo mapya pia. Xfer, kwa mfano, ilipotoa Serum 2 mwaka 2025 iliwapa bure waliokuwa na ya kwanza, ila si kila kampuni hufanya hivyo. Na uliza kama leseni inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Isiyouzika, ukiichoka, fedha imekwenda.

## Yakienda mrama

Plagini haionekani. Karibu kila mara ni umbo au folda. Rudi hatua ya 5. Ikiwa ni ya biti 32, tafuta toleo la biti 64. Ableton Live na Logic za sasa hazitaifungua kabisa.

Sauti inakwaruza wimbo ukijaa. Gandisha traki zilizokamilika. Ableton, Reaper na Logic zina amri ya kugandisha, na kwenye FL Studio unaitoa traki iwe klipu ya sauti kisha unazima plagini. Anza na anga na kodi, ndizo nzito. Hifadhi nakala ya mradi kabla hujafanya hivyo, ili uweze kurudi kwenye noti.

Besi inagonga kwa nguvu pigo hili, pigo linalofuata inalegea. Osileta inaanza kila noti mahali tofauti kwenye wimbi. Sinthi nyingi huja zikiwa na fezi (mahali pa kuanzia wimbi) ya nasibu, kwa sababu inapendeza kwenye kodi pana. Kwa besi, peleka nasibu kwenye sifuri ili kila noti ianze mahali pamoja.

Kiki na besi zinapigana. Hakuna sinthi itakayotatua hili. Amua nani anamiliki sehemu ya chini ya Hz 60. Ikiwa ni kiki, ikate besi kuanzia hapo kwenda chini. Ikiwa ni besi, chagua kiki fupi yenye mgongo wa juu zaidi. Kisha ifanye besi ishuke sauti kila kiki inapopiga na irudi ndani ya milisekunde 150 hivi. Ikichelewa kurudi, kwenye mapigo 120 besi iliyo katikati ya pigo itasikika imekatwa kichwa.

Priseti ya pakiti uliyonunua haifunguki. Angalia toleo. Priseti iliyohifadhiwa kwenye toleo jipya la sinthi kwa kawaida haifunguki kwenye la zamani. Sasisha sinthi, lakini si katikati ya wimbo: maliza, toa traki zote kama WAV, ndipo usasishe.